Umri wa Kumbini

Mimi nilikuwa nahodha hodari wa tagi. Sisemi hivyo ili nisifiwe, nasema kwa kuwa ni kweli, na kama wako waliofanya kazi bandarini Tanga miaka ile ya hamsini wanaotaka kubisha, wabishe. Tagi yangu, ile boti fupi yenye nguvu za punda, ndiyo iliyovuta matishari, zile mashua bapa zisizo na injini, yakiwa yamejaa katani, kutoka gatini hadi kwenye meli zilizotia nanga katikati ya ghuba. Sikumbuki siku niliyogongesha tishari kwenye ubavu wa meli. Wengine waligongesha. Siwataji, wanajijua.

Lakini jicho langu lilikuwa juu zaidi. Lilikuwa kwa rubani. Meli ngeni haiingii bandarini kwa akili ya nahodha wake peke yake. Husimama nje, upande wa kisiwa cha Ulenge, ikangoja mtu anayeijua miamba na mkondo apande kwa ngazi ya kamba, aende juu kabisa penye usukani, aseme: kushoto kidogo, punguza, hapo hapo. Mtu huyo ndiye rubani. Wetu walikuwa watatu, Wazungu wote, soksi nyeupe mpaka magotini, na walikuwa wamezeeka pamoja kama meno ya mdomo mmoja. Mmoja alifika katikati ya ngazi akapumzika kwanza. Mimi niko chini kwenye boti namtazama, nasema moyoni: shuka, baba, niachie mwanao.

Basi siku moja karani mkuu wa bandari alituita manahodha na mabaharia bandani. Alikuwa Mshambaa kutoka milimani, Mkristo, mtu wa haki lakini mkavu kama muhogo ulioanikwa. Akatuambia kwamba marubani wawili watastaafu wakifuatana, wa tatu naye hayuko mbali, na huko Ulaya vijana wa kuja Tanga hawapatikani kwa urahisi. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, atachukuliwa nahodha mmoja wa tagi afundishwe urubani. Atachukuliwa aliye wa mbele kwa utumishi.

Bandani mle kila shingo ilinigeukia mimi. Kwa utumishi nilikuwa wa kwanza, na nyuma yangu rafiki yangu, nahodha wa tagi ya pili. Tuliandikwa kazi asubuhi moja, mimi mbele, yeye nyuma. Nikaiweka kofia yangu vizuri kichwani.

"Tena," karani akaendelea, "awe amebakiwa na miaka kumi kabla ya kustaafu. Mafunzo ni marefu. Hawatamfundisha mtu halafu aende nyumbani kufuga kuku."

Kustaafu kwetu kulikuwa miaka hamsini na mitano. Na kwenye makaratasi ya bandari mimi nilikuwa na hamsini.

Ebo! Hamsini gani? Mimi nilikuwa na arobaini na kidogo, meno yote kinywani, naruka kutoka tagi hadi tishari bila kushika kamba. Nikasema hapo hapo, mbele ya watu, kwamba umri ule si wangu. Watu wakacheka. Karani akasema, bila kuinua sauti, kwamba kama si wangu nilete shahidi, si makelele.

Hapo sina budi kurudi nyuma kidogo, na msomaji wa bara anivumilie.

Mama yangu aliyakimbia mapigano ya Tanga, katika vita vile vya kwanza vya Mjerumani na Mwingereza, akiwa na mimba yangu, akanizaa Pongwe kwenye nyumba ya watu asiowajua. Vita vilipokuwa vinaendelea hapakuwa na jando kijijini kwetu, huku upande wa Mwambani. Nani angecheza ngoma, na wanaume wamechukuliwa kubeba mizigo ya askari? Vilipokwisha, wazee wakawakusanya wavulana wote waliorundikana miaka ile, wakawaingiza kumbini mara moja. Kumbi ndiyo kambi wanamotahiriwa na kufundwa. Mlikuwamo watoto na mlikuwamo wenye ndevu. Mimi meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanang'oka. Rafiki yangu alikuwa ameanza kunyoa, na alikwisha kubebeshwa mizigo ya vita, akaenda mbali na kurudi mzima.

Anayetangulia kwa ngariba huitwa kiranja, na cheo hicho hakivuliwi mpaka kaburini. Desturi ilikuwa atangulie aliye mkubwa kuliko wote. Nilitangulia mimi. Kwa nini, hilo lilikuwa la kumbini, na ya kumbini hayasemwi nje. Hata mke wangu hakuwa akilijua. Na desturi nyingine: mkishatoka kumbi moja mmekuwa rika moja, awe huyu ana ndevu na yule ana kamasi. Hakuna shikamoo kati yenu. Ukimwamkia mwenzako wa kumbi shikamoo umemtoa kundini, na anaweza kukunyima mkono. Basi mimi na rafiki yangu tuliishi hivyo, yeye akiniita kiranja, mimi nikimwita shehe, na tukikutana asubuhi gatini ni matusi ya mapenzi tu.

Siku tulipokwenda kuomba kazi bandarini, karani wa zama zile alikuwa mtu wa pwani kama sisi. Hakutuuliza tulizaliwa lini, maana alijua hatujui. Alituuliza: "Kumbi gani?" Tukamwambia, kumbi ya baada ya vita. Yeye alikuwa na umri mmoja kwa kila kumbi, akatupa sote ule wa kumbi yetu. Akauliza: "Kiranja nani?" Nikasema mimi, akaniandika mbele. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Kwetu ule ndio uliokuwa umri. Mimi nilifurahi kwa kuwa nilikuwa kijana wa sharubu tatu, nikapewa kazi ya wanaume. Yeye alifurahi kwa kuwa amepunguziwa miaka bila kuomba.

Sasa tazama mtego. Wa kunitolea ushahidi, aliyeniona nikiingia kumbini ni kitoto, alikuwa hai mmoja tu, naye ni rafiki yangu. Lakini akishasema "huyu alikuwa mtoto, mimi nilikuwa mtu mzima," amejisema na yeye. Hamsini na mitano yake ilikuwa imekwisha kufika, pengine imepita. Angetolewa kwenye tagi mwezi ule ule. Na kitinda mimba wake, binti mwenye akili kama wembe, ndiyo kwanza alikuwa anasomea ualimu. Rafiki yangu alikuwa ameapa mbele ya bandari nzima kwamba hatashuka kwenye tagi ile mpaka binti yake asimame mbele ya darasa. Mtu angetia neno juu ya kiapo kile angepigwa.

Nikarudi nyumbani Makorora nimevimba kwa hasira. Mke wangu ni Mbondei, na Wabondei hawakufundishwa kuzunguka. Aliposikia habari yote alisema, "Si umwambie mwenzio aende aseme?"

"Nimwambie ajichinje ili mimi nile nyama?"

"Sijasema ajichinje. Nimesema aseme kweli."

"Kweli yenyewe ndiyo kisu."

"Haya basi," akasema, akachukua sufuria yake, "kaa na hamsini yako. Kesho nikutafutie na mkongojo."

Niliudhika, wallahi. Niliudhika kwa sababu alikuwa ananitaka nipande, na mimi nilitaka kupanda kuliko yeye. Usinione mtakatifu. Nilikuwa nikivuta tishari nimegeuza shingo nje ya ghuba, nahesabia moyoni maboya ambayo ningeyapita kama meli kubwa ingekuwa mikononi mwangu. Lakini kumwendea rafiki yangu na neno lile, ulimi uligoma.

Nikamkumbuka mama. Mama alikuwa hai, kikongwe wa maneno mengi, na kama kuna mtu anayejua ulizaliwa lini basi ni aliyekuzaa. Nikaenda kumchukua kijijini, nikamleta mpaka ofisini kwa bwana mkubwa wa bandari, Mzungu mmoja mwekundu wa uso, na karani akiwa mkalimani. Mama akakalishwa kitini. Akakikataa kwanza, kwamba kinazunguka, kitamwangusha. Kikaletwa kingine.

"Huyu," mama akasema, akininyooshea kidole kama nimeiba embe, "nimemzaa mwaka wa mizinga. Miye nakimbia, yeye ananipiga mateke ndani. Nikamwambia, tulia weye, si wewe unayekimbia."

Karani akatafsiri. Bwana mkubwa akacheka mpaka akafuta macho, lakini hakucheka kwa dharau. Alisema, kwa kinywa cha karani, kwamba hajapata kumwona mama ambaye machoni pake mwanawe ni mzee. Alitaka shahidi asiye damu yangu.

"Waliokuwako Pongwe wamekwisha kufa," mama akasema.

"Na kumbini je?" karani akauliza. "Kwa nini akapewa umri wa watu wazima?"

"Ya kumbini miye mwanamke nitayajuaje? Waulizwe waliokuwamo."

Lo, mama! Karani akanigeukia. Yeye kwao milimani walikuwa na mambo yao, lakini alijua swali lililo zuri akiliona. "Waliokuwamo ni nani?"

Dirisha la ofisi ile lilitazama gatini. Rafiki yangu alikuwa pale pale, amesimama juu ya tagi yake, anamfokea baharia aliyefunga kamba vibaya. Nilimwona mpaka tundu la fulana yake.

"Wamekufa," nikasema.

Mama akanitazama. Akatazama dirishani. Akajifunika mtandio wake vizuri, asitie neno tena, na mwanamke yule kunyamaza halikuwa jambo la kila siku. Njiani kumrudisha aliniambia tu, "Umelelewa." Nikamwambia nimelelewa ndiyo, na sasa nitazeeka kwenye matishari. Akasema kuna wanaozeeka pabaya zaidi.

Sasa bandari haina siri. Aliyefagia ofisi alimwambia mpishi, mpishi akamwambia mlinzi, na kabla maji hayajapwa rafiki yangu alikuwa amesimama juu ya gati, mikono kiunoni, ananingoja nifunge kamba.

"Kiranja," akasema, "nasikia nimekufa. Matanga lini?"

"Wamekosea. Nilisema umechakaa."

"Na pilau mtapika, au mtaninyima na pilau?"

Nikaruka kutoka kwenye tagi. Sikutaka mzaha. Nilimshika mkono nikamvuta nyuma ya marobota ya katani, nikamwambia asikilize vizuri. Nikamwambia anyamaze, afikishe miaka yake ya karatasini, binti amalize, kisha afanye atakalo. Urubani sikuzaliwa nao, nikasema. Nilisema kwa ukali ili nijiamini mwenyewe.

Yeye akanitazama. Alikuwa na macho madogo, ya mtu anayezoea kutazama maji yenye jua. "Unaitaka kazi ile?" akaniuliza.

"Nimekwambia sikuzaliwa nayo."

"Sikukuuliza ulizaliwa na nini. Unaitaka?"

"Naitaka," nikasema, na sauti ikanitoka kama ya mtoto, nikaona haya.

"Kutangulia si kufika, kiranja," akasema, akaenda zake. Ule ulikuwa utani wake wa siku zote juu ya cheo changu, alikuwa ameurudia tangu tulipokuwa vijana, kwa hiyo sikuutia maanani.

Kesho yake nikaitwa ofisini. Nikaingia, nikamkuta ndani. Amevaa kanzu ya Ijumaa na siku yenyewe si Ijumaa, kofia ya kiua kichwani, amekataa kiti. Karani alikuwa na kalamu mkononi. Mara nikajua. Nikasema, "Shehe, toka humu."

"Nyamaza," akaniambia, "wewe ulishasema mimi maiti. Maiti hajibizani nawe."

Akamgeukia karani. Alisema taratibu ili karani awahi kumtafsiria bwana mkubwa, na mimi nikasimama pale mlangoni kama mzigo uliosahauliwa.

"Huyu mimi namjua. Tulipoingia kumbini alikuwa mtoto, hajui hata kujifunga shuka. Mimi nilikuwa mtu mzima. Nilikuwa nimetoka vitani. Mnataka shahidi asiye damu yake, ndimi."

Karani akauliza lile alilopaswa kuuliza. "Kama wewe ulikuwa mtu mzima na yeye mtoto, ilikuwaje akawa kiranja yeye? Kiranja si mkubwa wao?"

Nikasema, "Hilo usilijibu." Kwa kweli nililia kusema hivyo. Maana kazi ni kazi, mtu hutoka akapata nyingine, lakini lile lilikuwa jina lake, na nilikuwa nimelificha tangu sijui kuhesabu.

Akalijibu.

"Ilikuwa nitangulie mimi," akasema. "Nilikuwa nimewaona watu wakifa njiani na mizigo ya Wazungu kichwani, wala sikulia. Lakini asubuhi ile ngariba aliponiita, miguu ilikataa. Nikashika nguzo. Wazee wakainamisha vichwa, ngoma ikanyamaza, babangu akageuka asinione. Basi huyu kitoto, kamasi zinamtoka, akapita chini ya mkono wangu akasema, 'Mimi kwanza.' Nadhani alidhani wanagawa kitu."

"Nilidhani halua," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Hata bwana mkubwa, maneno yalipomfikia, aliitazama meza yake.

"Alipotangulia yeye, na mimi nikaona haya, nikaenda," akamaliza. "Na tangu siku ile hajamwambia mtu. Tumegombana mara nyingi, tumenyang'anyana mpaka mchumba, na hajanitupia neno lile. Sasa nilisemee wapi, kama si hapa?"

Karani akaishusha kalamu. Nimesema alikuwa mtu wa haki, na hapo nilimwona. Alimwambia kwa heshima, "Mzee, nikiandika haya lazima nikuandike na wewe. Umri wako utakuwa umekwisha kupita. Utatoka mwezi huu. Ukitaka, mimi sijasikia kitu, tuishie hapa."

"Andika," akasema.

"Mzee."

"Andika, mwanangu. Wino utakauka."

Akaandika. Bwana mkubwa akasimama akanipa mkono, akasema maneno mengi ambayo karani alinitafsiria na mimi sikuyasikia hata moja. Nilipata kazi ile, hilo lieleweke. Nilipanda ngazi ya kamba bila kupumzika katikati, nikasimama juu kabisa penye usukani, na meli zilinisikiliza. Na binti wa rafiki yangu alisimama mbele ya darasa lake, hilo nililisimamia mimi, na mtu asiniulize vipi.

Lakini siku ile tulitoka ofisini wawili, tukashuka ngazi za mbele mpaka kivulini. Nilikuwa na maneno elfu, mimi niliyezaliwa na maneno, na yote yalikuwa ya hasira. Nikamwambia ana wazimu. Nikamwambia nani alimtuma. Nikamwambia kwamba ni mimi niliye wa mbele kwa utumishi, tangu siku ya kwanza, na wa mbele ndiye anayeamua. Machozi yananitoka, nafuta kwa kofia.

Aliningoja nimalize. Kisha akaikunja mikono ya kanzu yake, kama mtu aendaye kutawadha.

"Siku ile ulitangulia wewe," akasema. "Leo natangulia mimi. Sasa nini?"

Nikainamisha kichwa. Tulikuwa tumejuana miaka yote ile, tumekula sahani moja, na neno lile sikuwahi kumwambia, maana kwa desturi yetu lilikuwa tusi.

"Shikamoo," nikamwambia.

Aliinua mkono. Nilidhani atanipiga. Kisha akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito ule wa kamba na chumvi, akacheka.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umechelewa."